Niliwafundisha kugawana uji, sasa mtoto mmoja anajificha saa nne ikifika

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali wilayani Mufindi, upande wa mashamba ya chai. Nina miaka 11 kazini, sita kati ya hiyo nimeifanya hapa. Naomba jina langu na la shule visitajwe, maana huku tunajuana wote.

Shule yetu inapokea watoto wa wenyeji, ambao wazazi wao wana mashamba ya mahindi na viazi, wengine na miti ya mbao. Inapokea pia watoto wa kambini, yaani watoto wa vibarua wanaochuma chai. Wazazi wao wametoka Makete, Ludewa, Rungwe na kwingineko, wakafuata kazi. Wanakaa kwenye nyumba za kambi na hawana shamba. Mstarini asubuhi wote wamevaa sweta la rangi moja, huwezi kujua nani wa wapi. Utajua saa nne.

Saa nne ni uji. Kamati ya shule ilipitisha kwamba kila mzazi atoe madebe mawili ya mahindi kwa mwaka, pamoja na shilingi elfu tano za kusaga na sukari. Mchango unapokelewa mwezi wa saba, wenyeji wakiwa wametoka kuvuna. Mzazi akishatoa, jina la mtoto wake linaingia kwenye orodha, na orodha inabandikwa kwenye mlango wa jiko. Kengele ikilia, wenye majina wanapanga foleni na vikombe vyao. Wasio na majina wanaambiwa wakacheze uwanjani. Mama, mwezi wa saba huku kwetu umande unaganda kwenye nyasi. Hakuna anayecheza. Wanajipanga ukutani kulikopigwa na jua, mikono wameivuta ndani ya sweta, wanatazama upande wa pili.

Mwaka jana nilivumilia. Mwaka huu nikashindwa. Nikajiona saa tatu nasimama ubaoni kufundisha habari za upendo na ushirikiano, halafu saa nne nawagawa watoto walewale mlangoni mwa jiko.

Mwezi wa saba tulikuwa kwenye mada ya sehemu. Darasa langu lina watoto 52. Kwenye orodha ya uji walikuwa 38. Siku moja nikamwomba mpishi aniletee ndoo ya uji wa darasa langu, nikaandika ubaoni 38 juu, 52 chini. Nikauliza: vikombe 38 vikigawanywa kwa watu 52, kila mmoja atapata sehemu gani ya kikombe? Wakarahisisha mpaka 19 juu ya 26. Mtoto mmoja akachora kikombe kwenye daftari, akapiga mstari, akasema, "Mwalimu, ni kama robo tatu hivi, haifiki kidogo." Nikawauliza kama wanakubali tugawane hivyo. Mikono ikanyooshwa karibu yote. Tukagawana. Jioni nilirudi nyumbani nikiimba njiani.

Tukaendelea hivyo wiki tatu.

Kuna mtoto wa kambini, nimwite Tumaini, ingawa si jina lake. Huyu hesabu ziko kwenye damu. Aliwahi kunisimulia kwamba jioni huwa anamfuata mama yake kwenye mizani, anahesabu kichwani kilo alizochuma, anatoa uzito wa mfuko, anazidisha kwa bei, na anapata jibu kabla karani hajamaliza kuandika. Jumatano moja, msichana anayekaa naye dawati moja akamwambia, nadhani hata si kwa ubaya, "Leo tena unakunywa wangu." Tumaini alikuwa ameshakishika kikombe. Hakujibu. Alikishusha polepole, akakiweka chini karibu na mguu wa dawati bila kumwaga hata tone, akafungua daftari lake. Kile kikombe kilikaa pale mpaka uji ukaota utando.

Tangu siku hiyo, saa nne Tumaini haonekani. Anaingia kwenye chai nyuma ya vyoo, anarudi baada ya mapumziko suruali imelowa mpaka magotini. Wiki iliyopita siku tatu hakuja kabisa.

Haikuishia hapo. Mzazi mmoja ambaye ni mjumbe wa kamati alikuja ofisini amekasirika. Akasema mtoto wake analalamika kikombe hakijai, na kwamba yeye alibeba mahindi yake kichwani kuleta shule ili mwanawe ashibe, hakuleta ili mwalimu awalishe watoto wa watu wasiotaka kuchangia. Mwalimu mkuu akaniita. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Hayo mengine ni siasa, utatuvunjia mpango wa uji tuliouhangaikia miaka miwili." Nikarudisha orodha. Sasa tuko kama zamani, ila Tumaini hakurudi kama zamani.

Na kuna jambo lililonikata maini zaidi. Binti yangu yuko darasa la pili shuleni hapohapo, na jina lake liko kwenye orodha kwa sababu mimi nimelipa. Juzi usiku tukiwa jikoni tunaota moto akaniuliza, "Mama, kwani wa kambini huwa hawasikii njaa?" Nilikosa la kusema. Nikamwambia akalale.

Mama, nifanye nini? Nikiacha, nitakuwa nafundisha kwa vitendo kwamba watoto hawalingani. Nikiendelea, nitawaumiza walewale ninaowatetea, na huenda uji wote ukafa. Wazazi wa kambini nao hawanisaidii, hata vikao hawaji. Wenzangu ofisini wanasema niombe uhamisho nipumzike. Sitaki kuhama. Nataka kujua nilikosea wapi.

Mwalimu wa Mufindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana na kazi, na pole kwa usiku ule jikoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila nikiisoma nasimama palepale, kwenye kikombe kilichowekwa chini bila kumwagika. Mtoto wa miaka kumi, ana njaa, kuna baridi, kikombe cha uji kiko mkononi mwake, na bado anakuwa na utulivu wa kukishusha asichafue sakafu. Kabla hatujasema lolote kuhusu kamati au mwalimu mkuu, naomba tumtazame vizuri huyo mtoto, maana naona kila mtu katika habari hii amezungumza isipokuwa yeye.

Nikikuelewa sawasawa, mzigo wako ni huu. Unaamini kwamba mtoto hujifunza haki kwa kuiona ikitendeka mbele yake kila siku, na somo la ubaoni peke yake halitoshi. Ukaona shule inawafundisha watoto kinyume chake kila saa nne. Ukajaribu kurekebisha kwa njia iliyokuwa mikononi mwako, yaani somo lako la hesabu. Marekebisho hayo yakamfedhehesha mtoto mmoja, yakamuudhi mzazi mmoja, yakamtia hofu mwalimu mkuu, na sasa hujui kama kosa lilikuwa kwenye nia au kwenye namna.

Nia yako sina la kuisema ila heri. Kwenye namna, nitakusimulia jambo langu.

Nilikuwa mwalimu kijana huko Rungwe, nina darasa la watoto wengi, na mmoja wao alikuwa na mguu uliopooza, anatembelea fimbo. Shule ilikuwa juu ya mlima, njia ya udongo mwekundu, na mvua za Rungwe unazijua. Nikapanga zamu: kila siku watoto wawili wanambebea mfuko wake wa daftari kutoka bondeni. Ijumaa mstarini nikawa nawaita waliombebea wiki ile, tunawapigia makofi. Nilijivunia sana zamu ile. Mwisho wa mwaka mama yake alikuja kuchukua ripoti. Alikuwa muuza ndizi, mtu wa maneno machache. Akanishukuru, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu anasema mwaka huu kila mtoto alipata zamu, isipokuwa yeye."

Nikapitia kichwani. Kufuta ubao, kuchota maji, kukusanya madaftari, kugonga kengele, kuongoza wimbo. Kweli, jina lake halikuwa popote. Nilikuwa nimemfanya kuwa mahali pa wenzake kujifunzia wema. Mwaka uliofuata alipewa kengele, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Aliigonga kwa fimbo yake mpaka alipomaliza la saba, na hakuna kipindi kilichochelewa.

Ninachojiuliza ni hiki: katika zile wiki tatu, Tumaini alikuwa anapokea tu. Kila siku, mbele ya darasa zima, kwa hesabu iliyoandikwa ubaoni. Wale 38 walijifunza kutoa. Wale 14 walijifunza nini? Uliuliza darasa lote kwa pamoja kama mgawane, mikono ikanyooshwa "karibu yote." Je, unakumbuka mikono ambayo haikunyooshwa ilikuwa ya nani? Mimi na wewe tungedhani ni ya wenye vikombe. Yawezekana ilikuwa ya wasio navyo.

Sisemi somo lako lilikuwa baya. Mtoto aliyechora kikombe akakisia robo tatu amejifunza sehemu kwa namna ambayo hataisahau, na amejifunza pia kwamba hesabu ina kazi duniani. Ila kugawana mali ya watu wengine mbele ya macho yao ni jambo zito hata kwa watu wazima. Sisi wenyewe tukichangiwa msibani hatupendi daftari la michango lisomwe kwa sauti mara ya pili.

Sasa nikuulize mambo ambayo umeyaandika kama yanayojulikana, lakini mimi sijayaona kwenye barua.

Unaandika kwamba wazazi wa kambini hawaji vikaoni. Vikao vyenu ni siku gani, saa ngapi? Kama ni asubuhi ya siku ya kazi, mchumaji anayelipwa kwa kilo akija kikaoni anapoteza kilo. Na tazama mwezi. Mufindi mnavuna mahindi kuanzia mwezi wa sita, wa saba, ghala la mwenyeji linajaa. Miezi hiyohiyo ya baridi na ukame ndiyo chai inapopungua. Majani hayachipui kama yanavyochipua masika, kapu halijai, na mshahara wa kibarua unashuka. Kwa hiyo kamati imechagua kupokea mchango katika mwezi ambao wazazi wenyeji wana nafasi kuliko mwezi mwingine wowote, na wazazi wa kambini wamebanwa kuliko mwezi mwingine wowote. Tena inataka mahindi kwa mtu asiye na shamba. Mwenyeji anayatoa kutoka ghalani kwake. Wa kambini lazima ayanunue kwanza. Madebe mawili ni madebe mawili, lakini si mchango uleule.

Sidhani kamati ilifanya hivyo kwa roho mbaya. Nadhani walioamua wote walikuwa wakulima, na mkulima hupanga mwaka kwa mavuno. Hilo linaweza kuzungumzwa bila kumwita mtu yeyote mbaguzi.

Nimfikirie pia yule mzazi aliyekuja na hasira. Alibeba mahindi kichwani. Huenda naye ana mwaka wake mgumu. Huenda amewahi kuchangia mambo huko nyuma yakapotea njiani, na mtoto wake aliposema kikombe hakijai, akaona ni yaleyale. Wewe uligawa uji wake bila kumwuliza. Nadhani hapo ana hoja, ingawa maneno aliyoyatumia juu ya watoto wa watu yanauma.

Na mwalimu mkuu amesema "siasa". Neno hilo mara nyingi mtu hulitoa anapoogopa, na amekuambia anachoogopa: mpango wa miaka miwili kuvunjika. Hajakuambia watoto wa kambini hawastahili. Hebu mpe nafasi hiyo.

Upande wa sheria nitapita haraka, kwa sababu sidhani sheria ndiyo itakayomrudisha Tumaini darasani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto, na hali ya uchumi ya familia imetajwa humo pamoja na ulemavu, dini, kabila na mengineyo. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, uliofafanua elimumsingi bila malipo, uliacha chakula cha wanafunzi wa kutwa kwa wazazi, na michango ikabaki ya hiari. Mwalimu mkuu anaujua waraka huo kuliko mimi. Ukienda ofisini kwake na kifungu mkononi unaweza kushinda mabishano, na kamati ikajibu kwa kufunga jiko: basi asinywe mtu. Hapo watoto wote 52 watakuwa sawa, kwa njaa. Kifungu kijue, kikusimamishe wima. Muda wa kukitamka utauona mwenyewe.

Kuna mambo manne matano yanayonijia. Yapime, maana wewe ndiye unayewajua watu wa hapo.

La kwanza ni ile orodha mlangoni. Kubadili nani anakunywa kunahitaji kamati. Kuondoa majina ya watoto mlangoni pengine kunahitaji mwalimu mkuu tu, na akikubali, jambo hilo halimpunguzii mtu yeyote uji. Deni ni la mzazi, na kumbukumbu yake inaweza kukaa kwenye daftari la mhasibu wa kamati, kabatini. Mtoto wa darasa la pili anayeanza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hapaswi kufanyia mazoezi ya kusoma kwenye orodha inayomwambia jina lake halipo. Hatari yake ni kwamba mnaweza kuondoa karatasi, mkaacha foleni ileile, na watu wakaridhika kwamba wamefanya jambo.

La pili ni aina ya mchango na wakati wake. Je, anayetaka alipe kidogokidogo kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa nne, chai ikiwa imechanganya? Je, anayetaka atoe kuni, au siku kadhaa za kupika? Hapa kuwa mwangalifu sana. Kama mahindi yatatolewa na wenyeji, na kuosha masufuria kukawa ni kwa mama wa kambini tu, mtakuwa mmeuhamisha ubaguzi kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama yake, na mtoto atamwona mama yake akiosha sufuria za wenzake kila asubuhi. Njia zote zikiwa wazi kwa wazazi wote, mwenyeji naye akiweza kuchagua kuni, hapo ni tofauti.

La tatu ni shamba la shule. Najua mtasema hilo ni la zamani. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe na shamba, na sehemu tunayoisahau ni kwamba alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua mazao yao yatumikeje. Sisi wengi tuliosoma baadaye tunakumbuka jembe, kuamua hatukukumbuki. Kama shule yenu ina hata nusu ekari, mahindi yaliyolimwa na watoto wote ni ya watoto wote, na hakuna atakayesema "unakunywa wangu." Lakini ni kazi ya mwaka mzima, inataka mbegu na mbolea, na kuna hatari ya watoto kugeuzwa vibarua na mavuno kuishia kwenye nyumba za walimu. Wewe umeona mengi, unajua ninachosema.

La nne liko ndani ya darasa lako, na hakuna kamati inayohitajika. Wiki ijayo chukua karatasi, usimwambie mtu, uandike kila siku: nani umemwita kwa jina kujibu swali, nani umemtuma kuchota maji, nani amefuta ubao, nani amepeleka madaftari ofisini, nani anakaa dawati la mbele, nani ni kiranja, ni nani unayemkaripia kwa sweta chafu. Ijumaa weka alama pembeni ya kila jina, kambini au wenyeji, msichana au mvulana, anayesikia vizuri na asiyesikia vizuri. Siku hizi kwenye semina wakisema elimu jumuishi watu wanafikiria mtoto mwenye ulemavu peke yake, na ni kweli huyo amesahauliwa mno, lakini ile karatasi itakuonyesha kila mtu aliyebaki pembeni. Mimi nilipoifanya kwa mara ya kwanza nilikuta watoto tisa ambao wiki nzima sikuwa nimetamka majina yao.

Na hapo ndipo ninamwona Tumaini tena. Mtoto anayehesabu kilo, akatoa uzito wa mfuko, akazidisha kwa bei, kabla ya karani! Ana somo zima ambalo watoto wa wakulima hawalijui. Na watoto wa wakulima wana la kwao: debe ni kilo ngapi, gunia ni madebe mangapi, mbao za futi ngapi zinatoka kwenye mti mmoja. Kama hesabu za wiki moja zingetoka kwenye mizani ya chai, na za wiki nyingine kwenye ghala na kwenye mbao, kila mtoto angekuwa na siku ya kujua kuliko wenzake. Hutahitaji kutamka neno haki hata mara moja. Ila usimwite yeye peke yake mbele kama onyesho. Wapo wa kambini 14 au zaidi, na huenda kuna msichana pale ambaye naye anajua mizani lakini hajawahi kuulizwa. Na uwe tayari: hesabu za mizani zinaweza kuzaa swali kama, "Mwalimu, mbona mfuko wanaupima kilo mbili na hauna kilo mbili?" Swali hilo litafika nyumbani, na kutoka nyumbani litafika kwa msimamizi. Fikiria mapema utalipokeaje.

Kuhusu msichana wa dawati moja, nakuomba usimwadhibu wala usimtolee mfano. Amesema alichoelewa. Uji ulikuwa umeandikwa ni wake, mlangoni kabisa, kwa jina lake.

Hujaniuliza kuhusu binti yako moja kwa moja, lakini naona ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Alikuuliza swali zuri sana. Hakuuliza kwa nini hawalipi. Aliona watoto wanasimama nje wakati yeye anakunywa, na akajaribu kutafuta maelezo yatakayofanya jambo hilo liwe sawa: labda wao hawasikii njaa. Watoto wanafanya hivyo. Tusipowapa maelezo wanajitungia, na maelezo wanayojitungia mara nyingi yanamtoa mwenzao kwenye utu bila wao kujua. Unaweza kumwambia, "Wanasikia njaa kama wewe. Sisi wakubwa tumepanga vibaya, na mimi natafuta namna ya kupanga upya." Kuna watakaokuambia mtoto wa miaka minane hafai kuambiwa kwamba wakubwa wamekosea. Sijui nyumba yako ikoje, wewe utaamua. Mimi niliambiwa hivyo na baba yangu mara moja tu maishani, na bado nakumbuka tulikuwa tumekaa wapi.

Jambo la mwisho ni kwenda kambini. Umeandika mambo mengi kuhusu Tumaini, lakini hujaandika kwamba umeongea na mama yake. Unadhani ni aibu iliyomweka nyumbani siku zile tatu, na huenda ni kweli. Huenda pia anamlea mdogo wake mgonjwa, au mama ameumia, au sweta limechanika. Ukienda, nenda jioni mizani ikishafungwa, uwape muda wa kunawa na kuwasha moto. Piga hodi kama mgeni, kaa utakapokaribishwa, na kama ni stuli moja tu iliyopo, kalia hiyo usikatae. Usiende na unga wala sukari, angalau si mara hii ya kwanza. Usiongelee mchango. Mwambie mama jinsi mwanawe anavyohesabu, mwambie hayo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu inawezekana hakuna mwalimu aliyewahi kufika pale na habari njema. Kisha msikilize.

Ukimkuta Tumaini mwenyewe, unaweza kumwomba radhi. Neno moja linatosha: "Sikukuuliza kwanza." Walimu wengi tunaogopa kwamba tukimwomba mtoto radhi heshima itashuka, na siwezi kukuahidi kwamba wenzako hawatakusema.

Unaweza pia kufikiria kumchukua binti yako. Naona faida yake na naona hatari yake, maana mtoto akifika pale anaweza kuzungusha macho na kusema analoliona. Kama utamchukua, mwambie mkiwa bado njiani kwamba mnakwenda kusalimia, na kwamba yeye ndiye atakayeanza kumwamkia mama mwenye nyumba.